Ukuta Uliobebwa kwa Kitanda

Wiki iliyopita kijana mnunuzi wa vitu vya kale, aliyekuja Issuna kwa gari lake mwenyewe kutoka Arusha, alichovya kidole kwenye glasi ya maji niliyomkaribisha, akakigusisha ukingoni mwa picha yangu. Alitaka kuona kama gundi italegea. Gundi haikulegea. Ila harufu ilitoka. Ilikuwa harufu ya udongo ulioloa, ya uji wa mtama uliochacha, na nyuma yake majivu kidogo. Nilikuwa sijaisikia tangu nikiwa na miaka kumi na moja, na ilinipata katikati ya kifua kama mtu aliyenisukuma.

"Toa kidole," nikamwambia.

"Samahani, mzee. Najaribu tu."

"Kajaribie vya kwenu."

Alicheka akidhani natania. Picha yenyewe ni ya karatasi, ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na imebandikwa juu ya pande la ukuta wa tembe, zile nyumba zetu za udongo zenye paa bapa, udongo na fito zake, unene wa kiganja. Pande hilo limesimama sebuleni kwangu juu ya kigoda. Wageni wote huuliza picha nzuri namna hiyo inafanya nini juu ya udongo. Huwa nawajibu kwa kifupi. Leo nitajibu kwa kirefu, hasa kwa ninyi wa rika langu, maana mtanielewa na hamtanionea huruma bure.

Nyumbani kwetu kulikuwa nyuma ya Issuna, kule kwenye mawe makubwa, na baba yangu alikuwa fundi wa kujenga matembe. Alipofika Mjapani wa kuchimba visima alimwajiri Baba, naye akapanga chumba kimoja katika tembe letu. Watu walimwita Bwana Maji. Alikuwa mfupi, mpole, mwenye Kiswahili cha kitabuni kilichotuaibisha sisi tuliozaliwa nacho nusunusu. Sisi tulisema "nipe chumvi". Yeye alisema "naomba unisogezee chumvi, tafadhali," na mama yangu akawa anasimama mzima, kijiko mkononi, kumtafakari.

Alikuwa na sanduku la mbao nyepesi lisilo na msumari hata mmoja. Siku za Jumapili, baada ya chakula cha mchana, alinawa mikono kwa sabuni hadi vifundoni, akamtaka Baba naye anawe, kisha akalifungua. Ndani mlikuwa na picha kumi na moja. Alikuwa amezitafuta tangu ujana wake, moja moja, katika maduka ya vitu vikuukuu huko kwao, mara nyingine akijinyima chakula ili asiikose aliyoiona. Nilichungulia chini ya kwapa la Baba. Niliona jogoo mwenye mkia wa moto. Niliona mafundi wawili juu ya paa la nyumba, mmoja amebana vijiti mdomoni. Niliona mwanamke mwenye mwavuli akitembea, na hewa yote imejaa madoa meupe.

Bwana Maji alieleza kwamba picha hizo hazikuchorwa kwa brashi juu ya karatasi. Mtu alichonga ubao, kila rangi na ubao wake, akaupaka rangi, akalaza karatasi yenye unyevu juu yake, akaisugua mgongoni kwa kidude kilichofungwa jani. Baba alisikiliza, halafu akapiga paja.

"Kumbe ni kazi ya kukandika!"

"Kukandika ni nini, tafadhali?"

Baba akamchukua hadi ukutani, akamwonyesha jinsi tunavyobandika udongo kwenye fito kisha kuusugua kwa jiwe laini, kwa mizunguko, mpaka ung'ae. Mjapani akaweka kiganja chake pale, akazungusha, akacheka kama mtoto. Tangu siku hiyo walikuwa marafiki.

Akamfundisha Baba namna ya kutazama. Kwanza uso. Pili ubavuni, picha imelazwa kuelekea mwanga wa dirisha, ili uone mistari iliyobonyezwa bila rangi. Tatu mgongo. "Watu wote hutazama uso," alisema Bwana Maji, akiigeuza picha polepole. "Mwenye picha hutazama mgongo." Na kweli, nyuma ya karatasi palikuwa na alama hafifu za mizunguko, mkono wa mtu aliyesugua. "Huyu alikufa zamani sana," alisema. "Kabla ya babu yangu kuzaliwa. Lakini mkono wake uko hapa."

Mimi niliondoka na neno moja tu: zamani sana.

Mnakumbuka kalenda za siku zile. Wenye maduka mjini Singida waliwapa wateja wao wakubwa kalenda zenye picha, na mwaka ukiisha hakuna aliyeitupa. Miezi ilikatwa kwa mkasi, picha ikabandikwa ukutani, na nyumba yenye picha tatu ilihesabiwa kuwa nyumba ya watu walioendelea. Picha za Bwana Maji zilikuwa na maandishi yaliyosimama wima pembeni, nikajua hiyo ndiyo miezi. Zilikuwa na muhuri mwekundu, nikajua huo ni wa mwenye duka. Na zilikuwa za zamani sana. Kwa akili yangu ya darasa la nne hesabu ilikuwa rahisi. Mjapani wa watu alikuwa amebeba kalenda zilizopitwa na wakati, na kwa kuwa hakuwa na ukuta wake mwenyewe, alizifungia sandukuni. Nilimwonea huruma.

Kisha akaugua. Homa, halafu macho yakawa ya manjano. Lilikuja gari kumpeleka hospitali Dodoma, na kabla ya kupanda alimkabidhi Baba lile sanduku kwa mikono miwili, akiwa ameinama. Baba akalipokea kwa mikono miwili, naye akainama, ingawa hakuwa mtu wa kuinama.

"Barabara ina vumbi," alisema Bwana Maji. "Nikipona nitakuja kuzichukua. Naomba unitunzie, tafadhali."

"Utazikuta," Baba akasema.

Neno ni hilo tu. Lakini yeyote aliyemjua baba yangu anajua kwamba alikuwa na maneno machache kwa sababu alikusudia kuyalipa yote.

Haikupita miezi miwili Baba akaenda Mitundu na kikosi cha kuchimba visima. Nyuma yake yakaja mambo ya dada yangu Hadija. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa Misigiri, na wakwe walikuwa waje kulala kwetu siku mbili kumaliza mazungumzo. Mama alikiandaa chumba kile cha Bwana Maji. Alikikandika upya, akakisugua, na upande wa nje, kwenye ukuta unaotazama uwanja, akapitisha vidole vyake vinne vikiwa vimebana, mistari ya mawimbi kutoka pembe hadi pembe. Nilikiona ndicho chumba kizuri kuliko vyote duniani mpaka alipokuja Mama Sefu, jirani yetu. Kaka yake Mama Sefu alikuwa akifanya kazi stesheni ya Itigi na alimletea magazeti. Nyumba yake ilikuwa imebandikwa magazeti kuanzia sakafuni hadi darini.

Alisimama mlangoni, akakitazama chumba, akasema, "Mmejitahidi. Ila wakwe watakaa siku mbili wakitazama udongo?"

"Wamezaliwa kwenye udongo," Mama akamjibu.

"Ndiyo maana wangependa kupumzika nao kidogo."

Alipoondoka Mama alikaa kwenye kinu, mikono mapajani. Sikuzoea kuiona mikono ya mama yangu imekaa tu. Nikamwambia, "Mama, si kuna kalenda za Bwana Maji?"

"Zile si za mwenyewe?"

"Zimepitwa na wakati, Mama. Baba mwenyewe alisikia akiambiwa ni za zamani sana. Akirudi ataleta za mwaka huu."

"Una hakika?"

"Zina miezi pembeni. Nimeiona."

Mama hakujua kusoma. Alinitazama kitambo, kisha akasema maneno ambayo nimeishi nayo kuliko maandiko yote niliyowahi kukariri: "Haya. Wewe ndiye unayesoma."

Tulipika uji mzito wa mtama. Mama akautia majivu ili mchwa wasiupende. Mimi ndiye niliyepaka, kwa kiganja, mgongo mzima wa kila picha, nikihakikisha hakuna sehemu iliyobaki kavu. Nilikuwa mtoto mwangalifu. Laiti ningekuwa mvivu siku ile! Nilipaka juu ya ile mizunguko ya mkono wa marehemu, picha ya kwanza hadi ya kumi na moja, nikaziminya ukutani, nikazisugua kwa jiwe la Baba.

Tulipofika kwenye ile ya mwanamke na mwavuli, Mama alisimama akayatazama madoa meupe yaliyojaa hewani. Uso wake ukafunguka.

"Kumbe hawa nao wana kumbikumbi!"

Sikuwa nimefikiria, lakini mara moja nikaona ni kweli. Mvua imekatika, kumbikumbi wametoka ardhini, hewa yote mabawa, na mama wa watu ametoka na mwavuli ili wasimwingie nywele, anakwenda kuwakusanya. "Ila hajachukua chombo," Mama akasema kwa masikitiko. "Atawaweka wapi?" Tulikubaliana kwamba chombo kimebebwa na mtoto aliye mbele, nje ya picha.

Wakwe walikuja. Baba yake bwana harusi, mzee mkubwa wa Kinyiramba, alizunguka chumba kizima mikono mgongoni, hakuketi mpaka alipozimaliza zote kumi na moja. Mama Sefu alileta maziwa kama kisingizio, akachungulia, akarudi kwake bila neno. Mama alicheka wiki nzima. Kama mtu angenizuia wakati ule na kuniuliza ni nini nilichowahi kufanya cha maana maishani, ningemwonyesha ule ukuta.

Baba alirudi mchana mmoja, vumbi la Mitundu hadi kwenye nyusi. Mama akamshika mkono, "Njoo uone." Alisimama mlangoni. Sikuona uso wake, niliona mgongo tu, na mgongo haukusema kitu. Kisha akageuka akatoka. Akaenda kwenye mtungi, akanawa mikono kwa sabuni hadi vifundoni. Akarudi. Akatazama picha ya mafundi juu ya paa, ambayo alikuwa akiipenda kuliko zote. Akasogea ubavuni, akaitazama kuelekea mwanga. Halafu mkono wake ukaenda nyuma ya karatasi, kama alivyozoea kuigeuza, ukakutana na ukuta.

"Mgongo wake umekwenda," akasema.

Mama akaelewa kabla yangu. "Ni mimi," akasema haraka.

"Ni kalenda, Baba," nikasema mimi.

"Kalenda za nini?"

"Za Ujapani. Zimepitwa."

Alikaa chini palepale sakafuni. Hakunipiga. Watoto wa rika letu mnajua kutopigwa kunavyotisha. Kisha akasema, "Mtu akikupa kitu kwa mikono miwili, na wewe ukakipokea kwa mikono miwili, hubaki na mkono wa tatu wa kukigawa." Hakumwambia mtu fulani. Aliuambia ukuta.

Alijaribu kubandua moja kwa kitambaa chenye maji. Rangi ya buluu ikahamia kwenye kitambaa. Akaacha hapohapo. Akaamua kwamba picha zitakaa zilipo, chumba kifungwe, na Bwana Maji akirudi ataamua mwenyewe. Kwenye kikosi cha visima aliomba oili chafu ya mashine, akaipaka chini ya ukuta kuzuia mchwa. Asubuhi kabla ya kwenda shambani alifungua mlango, akazihesabu kwa macho, akafunga. Tuliandika barua mbili kwa ofisi iliyomleta Bwana Maji. Mimi ndiye niliyeziandika. Hakuna iliyojibiwa.

Ndipo ikaja amri ya watu wote kuhamia kwenye kijiji kipya, kule barabarani. Matembe ya zamani yangebomolewa, asibaki mtu wa kurudi. Wenzetu waling'oa boriti na milango, wakaondoka. Baba alibaki. Alikuja kiongozi mmoja kijana, mwenye kalamu mfukoni, pamoja na mjumbe wetu.

"Mzee, unangoja nini?"

"Nina amana ya mtu ndani."

"Ichukue twende."

"Imebandikwa ukutani."

"Basi ibandue."

"Haibanduki. Imeshakuwa ukuta."

Yule kijana akamtazama mjumbe, mjumbe akatazama miguu yake. "Mzee wangu, huu ni udongo. Kule kuna udongo pia."

"Udongo ni wangu, nakuachia," Baba akasema. "Picha si zangu, kwa hiyo siwezi kukuachia. Nipe siku nne nije na ukuta."

"Uje na nini?"

"Na ukuta."

Walicheka mpaka yule kijana akaishika fimbo ya mjumbe asianguke. Lakini siku nne alipewa, nadhani kwa sababu hakuna sheria iliyokataza.

Baba aliukata ukuta. Alichora kwa mkaa kuizunguka kila picha, akiacha upana wa viganja viwili, akakata nguzo na fito kwa msumeno, juu na chini, udongo ukibaki umeshikana kwenye kamba zake za magome. Kila pande lilikuwa zito kuliko ndama. Tukayalaza moja moja kwenye kitanda cha kamba kilichotandikwa majani, picha ikitazama juu, na tukabeba watu wanne: Baba, Baba Mdogo, shemeji yangu wa Misigiri, na mimi pembe ya nyuma upande wa kushoto. Hatukutumia mkokoteni kwa sababu ya mtikisiko. Baba alitaka twende kama tunaobeba bakuli la maziwa.

Mnajua watu wanne wakibeba kitanda njiani huonekana wanafanya nini. Wanaume walivua kofia. Wanawake walitua mizigo yao.

"Poleni na msiba. Nani marehemu?"

Baba Mdogo, ambaye Mungu alimnyima subira akampa mdomo, akawajibu, "Ukuta. Ameacha wajane wawili na dirisha."

Habari ikatutangulia. Kufikia siku ya pili watoto walitungoja njiani wakiimba: "Ukuta umekufa, upelekwe makaburini!" Baba alitembea katikati ya kelele hizo kichwa juu, kana kwamba anapigiwa ngoma. Mimi niliinamisha changu. Nilikuwa nimeanza kuona aibu, na aibu ya mtoto wa miaka kumi na moja ni mnyama asiyemjua bwana wake.

Siku ya tatu tulibeba pande la mafundi juu ya paa. Pale karibu na kisima, kile kisima cha Bwana Maji mwenyewe, walikuwa wamekaa wenzangu wa shule pamoja na kaka zao. Mmoja ambaye nilitamani sana awe rafiki yangu akasimama. "Tazameni mwana wa ukuta!" akapiga kelele. "Leo mmebeba mama yake au shangazi yake?" Wakacheka wote. Nami, ili wajue kwamba siko upande wa yule mzee, nikacheka. Nikacheka kwa sauti. Baba hakugeuka. Lakini niliona mabega yake, na nikaona kwamba amesikia kicheko changu na amekitambua kati ya vicheko vyote.

Hapo ndipo nilipoachia.

Kwa zaidi ya miaka hamsini nimesema niliteleza. Nilimwambia Mama hivyo, nilimwambia mke wangu hivyo, wanangu wamekua wakijua hivyo. Sikuteleza. Nilifungua vidole, kimoja baada ya kingine, nikiwatazama wale vijana. Kitanda kikalala upande, pande likaporomoka juu ya jiwe na kuvunjika kama mkate mkavu.

Kicheko kilikatika. Baba akatua pembe yake, akaja mbio. Hakwenda kwenye picha. Alikuja kwangu, akanishika miguu, akainua mmoja baada ya mwingine kutazama kama nimeumia.

"Umeumia?"

"Hapana, Baba. Nimeteleza."

Akanitazama. Akatazama mahali nilipokuwa nimesimama, palipokuwa pakavu na tambarare kama sinia.

"Njia hii ina mawe," akasema.

Kisha akapiga magoti, akaanza kuokota vipande. Yule fundi aliyebana vijiti mdomoni alikuwa ameraruka shingoni. Nikapiga magoti nami. Nilipata kipande kimoja tu kilichobaki kizima, mguu wa fundi na ndara yake ya majani. Ninacho mpaka leo.

Kwenye kijiji kipya Baba alijenga nyumba, lakini mapande kumi yaliyobaki hakuyajengea ukutani. Aliyasimamisha ndani, yakiegemea. "Mgeni hajengewi ukutani," alisema. "Ataondoka." Bwana Maji hakuja. Hatukujua kama alipona. Nilipomaliza kidato cha nne nikapata kazi ya ukarani, Baba akaniita, akanawa mikono, akanikabidhi. Alilishika pande la kwanza kwa mikono miwili ingawa alikuwa mgonjwa, akaniinamia mimi, mwanawe. Ule ulikuwa wakati wa kusema. Nilifungua mdomo nikauliza kama amekunywa dawa. Amezikwa na lile jiwe alilolisingizia njiani kwa ajili yangu.

Tangu hapo nimehama mara tatu, na mara zote tatu nimehama na udongo. Nimeitwa mzee wa vifusi. Mchwa wamenilia mapande manne, mvua moja ya paa bovu ikanichukulia matatu. Yamebaki matatu: jogoo, mlima, na mwanamke wa kumbikumbi, huyu aliyesimama sebuleni. Nilipokuwa mtu mzima nilipata kitabu chenye picha za namna hiyo, nikajua kwamba madoa yale ni theluji. Nilikifunga. Mama alikuwa hai bado, na sikuona sababu ya kumwambia.

Basi huyo kijana wa Arusha, baada ya kutoa kidole, alieleza mpango wake kwa adabu. Ana mtaalamu. Udongo wote utakwanguliwa kwa nyuma, taratibu, mpaka karatasi ibaki peke yake, isafishwe, iwekwe kwenye fremu yenye kioo. "Mzee, hiki ni kitu cha thamani kubwa. Hapa ulipo umekiweka kwenye uchafu." Akampigia simu mwanangu Dodoma, maana walikuwa wameshaongea, akanipa simu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Baba, muuzie huyo. Mwenyewe alishakufa. Leo angekuwa na miaka mia."

"Basi ana wajukuu."

"Hawakujui, Baba!"

"Mimi nawajua."

"Utahangaika na udongo mpaka lini?"

Nikamwambia ambacho sikuwahi kumwambia. Pale pale, kwenye simu ya mtu, mwenye simu akisikiliza. Nilimwambia kwamba babu yake hakuwahi kuwa na mwana aliyeteleza. Alikuwa na mwana aliyeachia. Nilimsikia mwanangu akivuta kiti kule Dodoma. Halafu akasema, kwa sauti nyingine, "Haya, Baba. Usiuze."

Nilirudisha simu. Nikamwambia kijana anawe mikono. Akanawa. Nikamwambia ashike upande mmoja wa pande, mimi wa pili, tukaligeuza pale kwenye kigoda, polepole, kuelekea mwanga wa dirisha.

"Unaona nini?"

"Udongo, mzee."

"Tazama ubavuni."

Akainama. Ndipo akaiona, ile mistari minne ya mawimbi, vidole vya mama yangu vikiwa vimebana, vinapita kutoka pembe hadi pembe. Kwenye wimbi moja kuna alama ya pete yake. Kijana alinyoosha mkono aguse, kisha akaurudisha mwenyewe.

"Picha hii ilikuwa na mgongo, mimi nikauharibu," nikamwambia. "Huu ndio mgongo wake sasa. Ukiukwangua, utakuwa umefanya kosa langu mara ya pili, na wewe huna udhuru wa miaka kumi na moja."

Aliondoka na gari lake likiwa jepesi. Sina kinyongo naye. Ila nasema kwa yeyote atakayemfuata, na kwa wanangu watakaonizika: vitu hivi haviuzwi, havikwanguliwi, haviwekwi kwenye kioo. Ni amana. Akija mwenyewe, au mtoto wake, au mjukuu asiye na neno moja la Kiswahili, apewe kwa mikono miwili, pamoja na udongo wetu. Ni vizito. Aje na watu watatu wa kushika pembe za kitanda. Ya nyuma, upande wa kushoto, ni yangu, na safari hii siachii.